Malalamiko: taa za kuoteshea maua zenye wati pungufu

Fuoni, Unguja
12 Mei 2025

Meneja wa Mauzo,

KUH: TAA SITA TULIZONUNUA KWENU MWEZI WA MACHI

Assalamu alaykum Ndugu Meneja,

Taa hizi mlituuzia kwa ajili ya sakulenti, ile mimea ya majani manene, ambayo masika lazima iingizwe ndani isije ikaoza mizizi kwa mvua. Hazifanyi kazi iliyoandikwa kwenye boksi, na tunataka fedha zetu.

Boksi linasema wati 100. Tulizima kila kitu kitaluni, tukaziwasha zote sita kwa saa 14, kisha tukasoma mita. Kwa wati hizo zingekula uniti 8.4. Zimekula 1.8, yaani kama wati 21 kila moja. Ikiwa 100 ni mwanga wa balbu ya zamani mliyoifananisha nayo, basi andikeni hivyo. Mnunuzi hupanga vyungu vyake kwa namba ile.

Karatasi ya maelezo inaagiza taa itundikwe sentimita 60 juu ya mimea. Kwa taa dhaifu namna hii, echeveria, aina ya sakulenti ambazo asili yake ni Meksiko kwenye jua kali, zimerefuka shina, majani yameachana na kuinama, rangi imepauka. Shina likisharefuka halifupiki tena: hukatwa kichwa, kidonda kikaachwa kivulini penye upepo mpaka kikauke, ndipo kipandwe upya. Tumezishusha taa hadi sentimita 25 na majani mapya yanatoka yakiwa yamebanana. Lakini kwa urefu huo taa moja inatosha vyungu vinne, si kumi na viwili kama ulivyoahidi upande wa mbele wa boksi.

Karatasi hiyohiyo inasema "mwagilia kila siku". Aliyeandika alikuwa akifikiria mchicha. Sakulenti iliyo ndani wakati wa masika hungojewa mpaka udongo ukauke hadi chini ya chungu. Ukichomeka kijiti kikatoka na udongo, bado. Hewa yetu ina unyevu, chungu hakikauki upesi, na mmea wenye mwanga haba hunywa kidogo zaidi.

La saa ya ndani ya taa, ile ya kuiwasha na kuizima yenyewe, ndilo baya kuliko yote. Umeme ukikatika hata dakika moja, taa husahau saa 14 ilizopangiwa na hubaki imezimwa mpaka mtu aje kubonyeza kitufe. Kuweka saa nyingine kwenye soketi hakusaidii, kwa kuwa umeme ukirudi taa bado inangojea kidole. Kitu kama hiki kinauzwaje hapa kwetu bila mnunuzi kuambiwa?

Skurubu za mikono ya taa nazo zimeshaota kutu kwa hewa ya chumvi, ila hizo tungeweza kubadilisha wenyewe.

Tunaomba mzichukue taa zote sita na mturejeshee bei kamili ndani ya siku 14. Mkitaka kutupa nyingine badala yake, ziwe na wati halisi zilizoandikwa kwenye lebo, na swichi ya kawaida inayobaki ilipoachwa umeme unapokatika. Tutazijaribu kwa mita hapohapo dukani kabla ya kuzipokea.

Nakala ya risiti na picha za mita, kabla na baada, zimeambatanishwa.

Wenye vitalu vya maua,
Fuoni