Wenye zabibu za mezani, someni kabla ya kupogolea

Habari za jioni wanakikundi. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mikasi inakaribia kutoka tena. Wenye Thompson Seedless, ile zabibu isiyo na mbegu, tafadhali msikate fupi. Aina hiyo haizai vizuri kwenye macho (vifundo vinavyochipua) ya mwanzo wa tawi. Ukiacha macho 2 au 3 utavuna majani tu. Acheni tawi refu la macho 8 hadi 15, nene kama penseli, lililopata jua. Karibu na shina bakizeni kipande cha macho 2, ndicho kitakachotoa tawi la msimu ujao.

Punje zikifikia ukubwa wa njegere, zipunguzeni. Najua inauma kutupa zabibu, ila kichala kilichobanana huoza katikati na mnunuzi wa mezani hununua kwa macho. Ule unga mweupe wa kwenye ganda msiufute, ni nta yake ya asili.

Na msikimbilie bei: zabibu ikishakatwa haiivi tena. Onjeni punje ya nchani mwa kichala, ndiyo huchelewa kupata sukari.

Jumamosi saa 2 asubuhi tunapogolea pamoja shambani. Kila mtu na mkasi wake, na spiriti ya kuufutia kati ya mche na mche.