Barua kwa mwanangu anayefundisha asiowaona

Mwanangu mpendwa,

Habari za kuacha ajira ya ukumbi wa mazoezi ili utunge programu za mazoezi ya nyumbani nimezipata. Mama yako ameuliza swali lake: utakula nini mwezi ambao hakuna anayelipia? Hilo mtalimaliza ninyi wawili. Mimi niliyefundisha michezo shuleni mpaka nikastaafu nina langu.

Ukumbini ulikuwa unaona. Mtu akichuchumaa magoti yakaingia ndani, ulimsogelea ukamrekebisha papo hapo. Akianza kuyumba, ulimkalisha. Sasa unayemfundisha yuko peke yake chumbani, kitanda nyuma, meza mbele, simu imeegemezwa ukutani. Kila ulichokuwa ukikimaliza kwa jicho itabidi ukimalize mapema, kwa maneno. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kupiga video ni sehemu ndogo.

Programu yako mpya nimeifuata kimyakimya, maana ningekwambia ungeniandalia ya wazee. Pushapu umezipanga vizuri sana: asiyeweza sakafuni anaanza kwa kusukuma ukuta, kisha meza, kisha kiti imara kilichobanwa ukutani, ndipo ashuke chini. Kadiri mikono inavyokuwa chini, ndivyo uzito wa mwili unavyoielemea zaidi. Mtu anaongezewa mzigo bila kununua dumbeli hata moja. Na pale uliposema tushuke kwa hesabu ya nne badala ya kujiachia, kifua kiliniwaka kweli.

Lakini kwenye zoezi la mgongo ulitulaza kifudifudi, halafu ukanyamaza ukawa unaonyesha kwa vitendo. Aliyelala kifudifudi haioni simu! Nikawa nainua shingo kukutafuta, na mwisho wa zoezi kilichochoka ni shingo. Sauti yako itangulie mwili. Taja kinachofuata kabla hujakifanya, na watu wakiwa chini usikae kimya. Jambo jingine: ukiwa umetukabili ukasema "mguu wa kulia" na kuinua wako wa kulia, sisi tunauona upande wetu wa kushoto. Wengine watafuata sikio, wengine jicho. Taja wa kulia, inua wa kushoto, kama tulivyokuwa tukifanya mbele ya darasa.

Ile "Tabata" ya siku ya tano nakuomba uibadilishe jina. Mtafiti Mjapani Izumi Tabata na wenzake, katika utafiti wao wa 1996, waliwaweka vijana wanaosomea michezo juu ya baiskeli za maabara: sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu zote, 10 za kupumzika, mizunguko 7 au 8, mpaka mtu hawezi tena. Kurukaruka sebuleni kwa kufuata sekunde zilezile ni zoezi zuri, ila ukali wake si ule. Anayeanza leo akidhani lazima azimie ndipo afaidike, kesho hutamwona. Mfundishe kujipima kwa maneno yake mwenyewe: akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, yuko kwenye mwendo wa wastani. Akiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, amefika kwenye mwendo mkali. Kipimo hicho hakihitaji saa ya mkononi wala wewe kuwepo.

Wala usione haya kuuza vipindi vifupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10 liliondolewa. Dakika nane za mama mwenye mtoto mchanga zinahesabiwa.

Siku ya kwanza, kabla hujamwambia mtu hata anyooshe mkono, muulize: unapata maumivu ya kifua? Kizunguzungu? Una presha, ujauzito, umefanyiwa upasuaji karibuni? Akijibu ndiyo, amwone daktari kwanza. Kisha mweleze maumivu yatakayokuja. Misuli kuuma siku moja hadi tatu baadaye ni kawaida, hasa kwa aliyeanza. Maumivu makali ya ghafla ndani ya kiungo si kawaida, aache. Usipomwambia, kesho yake akishindwa kushuka ngazi atadhani umemvunja.

Watakuja watu wa matangazo wakutake uandike "toa kitambi kwa siku saba". Kataa. Unajua kabisa kwamba mafuta hayatoki mahali unapopachosha. Mtu atapiga planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, mpaka tumbo liwe gumu kama ubao na kitambi kikae juu yake vilevile. Muahidi unachoweza kumpa: wiki chache za mwanzo nguvu zitapanda hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha. Hilo ataliona mwenyewe akiinuka kitini bila kushika meza.

Mwambie mama yako pia kwamba kazi hii haikuzaliwa na simu. Mmarekani Jack LaLanne alianza kufundisha mazoezi kwenye televisheni San Francisco mwaka 1951, akitumia kiti cha kawaida, na kipindi chake kikaendelea hadi 1985. Huenda akatulia kidogo. Huenda.

Muziki lipia haki zake, vinginevyo video zitanyamazishwa.

Wiki ya nne usiitoe kwanza. Nitumie ilivyo, hata kama ni maandishi tu bila picha. Nataka kuona kama naweza kuifanya kwa kusoma, na pale nitakaposhindwa kuelewa nitapapigia mstari. Na uweke kitu badala ya yale mazoezi ya kuruka. Magoti yangu hayayataki, na si mimi peke yangu.

Baba yako