Gari Likiingia Gereji, Tunamuuliza Anayeliendesha

Dada mmoja, mteja wetu, alituletea gari linalovuma. Alieleza vizuri sana: mvumo unaanza akifika kilomita 60 kwa saa, akikata kulia unazidi, akikata kushoto unapungua, na hata akitoa gia gari likatembea lenyewe, bado upo. Fundi wetu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia kaka yake aliyemsindikiza: "Enhe, kaka, gari lina shida gani?" Kaka mtu hata leseni hana. Akasema labda tairi. Tukabalansi tairi.

Siku ya tatu dada akarudi, mvumo uko palepale. Tukalipiga jeki, tukashika gurudumu la mbele kushoto juu na chini, likacheza. Kulizungusha, likakwaruza kama limemeza mchanga. Beringi, ile pete ya chuma inayolifanya gurudumu lizunguke kwa ulaini! Na maelezo yake ya siku ya kwanza yalitosha kabisa: ukikata kulia, uzito wa gari huelemea kushoto, na beringi iliyokufa upande huo ndipo hupiga kelele. Kosa lilikuwa letu. Tulimwomba radhi, na kazi ya tairi hatukumtoza.

Jambo hili liliniuma, maana nimeliona mara nyingi nje ya gereji pia. Wapenda magari wakikusanyika, mwanamke aliyesimama kando ya gari lake huulizwa kama ni la mumewe. Akifungua boneti anapewa mtihani: injini saizi gani, ina tabo, nani kaifunga? Mwanaume aliyenunua gari juzi hakuna anayemtahini.

Wanaosema magari ni mambo ya kiume wamesahau mwanzo wake. Agosti 1888 Bertha Benz alisafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, kwa gari alilolibuni mumewe. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Vibao vya breki vilipolika, alimwambia fundi viatu avigongelee ngozi, na wazo hilo ndilo tunalolifunga leo kwenye kila gari. Michèle Mouton naye, mwanamke Mfaransa dereva wa rali, mwaka 1982 alishinda rali 3 za ubingwa wa dunia.

Dhana hii inawaumiza hata wanaume. Wapo wanaoona haya kuuliza. Wakiambiwa bushi zimekwisha wanaitikia, wanalipa, wanaondoka bila kujua bushi ni kitu gani. Ndugu yangu, uliza tu.

Siku hizi anayeeleza tatizo kwetu ni yule anayeshika usukani. Maneno yake tunayaandika kama alivyoyasema kabla hatujafungua nati hata moja. Mlio ukiwa wa barabarani, tunatoka naye, yeye akiendesha. Kipuri kilichotolewa anakishika mwenyewe kabla hajalipa.

Beringi ya yule dada alituachia. Iko mezani, na kila fundi mpya anaizungusha siku yake ya kwanza ya kazi, huku tukimsomea maelezo ya mwenye gari.