YAH: KITABU CHA MAUA CHENYE KURASA PUNGUFU NA KUDHALILISHWA KAUNTANI

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima. Sera yenu ya kubadilisha bidhaa mmeichapa nyuma ya kila risiti, kwa hiyo sitawasomea.

Nilinunua kwenu vitabu viwili: kimoja cha maua ya mwituni ya makorongo ya Utah na Arizona, Marekani, kingine cha mwongozo wa safari za huko huko. Cha maua kimepangwa kwa rangi. Ukurasa wa 33 hadi 64 ni maua ya njano. Baada ya 64 haiji 65, inarudi 33 tena! Maua meupe yote, mpaka ukurasa wa 96, hayamo.

Jumatatu nikakirudisha. Kijana wenu wa kaunta akakipekua, akaniangalia, akasema kwa sauti: "Mama, hizi kurasa umezichomoa mwenyewe." Mbele ya foleni nzima.

Meneja, mimi nimefundisha baiolojia miaka 31. Mwishoni mwa Mei nilikuwa Utah kwa binti yangu. Jioni moja kule hifadhi ya Zion, yale majabali mekundu yameanza kufifia, mjukuu wangu akakimbilia ua kubwa jeupe, umbo la tarumbeta, ndiyo kwanza linafunguka kando ya njia. Nikafungua kitabu: njano. Nikageuza: njano zile zile. Bahati yake bibi yake anaujua mnanaha wa kwetu, nikamvuta mkono kabla hajalipeleka mdomoni. Ilikuwa datura, ndugu wa mnanaha, sumu tangu mzizi hadi mbegu. Faharasa yenu inasema ipo ukurasa wa 71. Nionyesheni huo wa 71.

Na ule mwongozo mliobandika "Toleo Jipya"! Unasema Angels Landing, kile kilele cha jabali huko huko Zion, mtu anapanda tu. Tangu Aprili 2022 lazima uwe na kibali, nacho hupatikana kwa bahati nasibu. Mkwe wangu alirudishwa na askari wa hifadhi, watoto wanamwangalia. Kibandiko chenu nimekibandua: chini yake pamechapwa 2019.

Sijamaliza ya kauntani. "Umezichomoa mwenyewe" hakusema mara moja. Aliirudia akimgeukia msichana wa pembeni, wakacheka. Kisha akamwita mlinzi. Mlinzi, maskini, aliniamkia shikamoo kwanza, ndipo akaniomba nifungue mkoba. Nikaufungua, foleni inachungulia. Mkakuta nini? Miwani, dawa za presha na risiti yenu. Yaani nichomoe karatasi 16, halafu nipachike nyingine 16 za njano, zenye namba zile zile, na uzi wa jalada usilegee? Mimi nina kiwanda cha uchapaji Kibaha?

Nilipokaa kuandika nilitaka kitabu kizima tu. Sasa nataka fedha za vitabu vyote viwili, nauli zangu, na kijana yule aniombe radhi pale pale kauntani, saa ya foleni. Msichana naye. Nawapa siku 7. Baada ya hapo barua hii na picha za kurasa zitakwenda Tume ya Ushindani, na kwenye kundi la WhatsApp la walimu wastaafu, ambao wengi wao ndio waliokuwa wakiagiza vitabu vya shule kwenu.

Kitabu ninacho mimi. Sitakileta tena, njooni mkifuate.

Mteja wenu, mpaka leo.