YAH: MALALAMIKO KUHUSU MOTA YA GRAMAFONI YANGU ILIYOHARIBIWA NA FUNDI WENU MBELE YANGU

Ndugu Meneja,

Salaam, na poleni na majukumu. Naandika kwa heshima na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe mpaka mwisho, isiishie kwa dada wa mapokezi, maana huyo nimeshaongea naye mpaka nimechoka na jibu lake ni lile lile, "mzee tutakupigia."

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, yamebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, lile la kipuri cha zamani kurudishiwa mwenyewe na lile la kutobadilisha kitu bila mteja kukubali. Namba ya kazi iko kwenye risiti. Kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Gramafoni nilileta ina tatizo moja tu. Ukiikaza kwa handeli na kuiachia ipige, ndani ilikuwa inadunda, dup, sahani inashtuka, inatulia, baada ya muda dup tena. Anayezijua hizi mashine akisikia tu hiyo dup anajua ni grisi ya zamani ndani ya kipipa cha springi, yaani kile kikopo cha chuma ambamo springi inayoendesha mota imekunjwa, imekauka na grafaiti yake imekuwa ngumu kama lami, mikunjo ya springi badala ya kuteleza inagandana halafu inaachiana kwa kishindo. Springi ilikuwa nzima kabisa. Kazi yake ni kuiachia nguvu yote iishe, kufungua kipipa, kutoa springi taratibu, kuiosha kwa mafuta ya taa, kukagua ndoano ya ndani na ya nje, kupaka grisi mpya na kuirudisha. Na yule kijana aliyepokea aliandika hivyo hivyo kwenye fomu, "kusafisha na kuweka grisi", basi. Kubadilisha springi hakuna mahali palipoandikwa.

Sasa naomba unisikilize hapa. Fundi wenu aliichukua mota ikiwa imekazwa, maana walikuwa wamejaza handeli kusikiliza huo mdundo, breki imeshika, nguvu yote iko ndani. Akachukua bisibisi akaenda kwenye skrubu za gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota. Nikamwambia, kijana, usiguse gavana, iachie springi iishe kwanza. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mzee wangu, wewe kaa tu, kazi yangu naijua." Akalegeza skrubu moja, akalegeza ya pili, na mota ikamtoka. Mlio wake sitausahau. Sekunde chache tu, gia zinalia, kipipa kinazunguka kwa kasi ambayo hakijapata kuzunguka tangu kitoke kiwandani, halafu pah, ndani springi imekatika. Kimya. Kisha wenzake wakacheka.

Gavana siyo pambo ndugu meneja. Vile vyuma vitatu vizito vilivyofungwa kwenye vipande vyembamba vya springi ndio vinavyoizuia mota, mwendo ukizidi vinatanuka, vinavuta kile kisahani mpaka kinagusa pedi, mwendo unarudi chini. Ndio maana santuri inazunguka mara 78 kwa dakika na sauti ya mwimbaji inabaki sauti ya mwimbaji. Ukiitoa wakati springi imejaa hakuna tena kitu cha kuishika ile nguvu. Hii siyo siri ya mafundi wachache, mota za springi za gramafoni ziko duniani tangu miaka ya 1890, fundi Mmarekani Eldridge Johnson alikuwa anamtengenezea Emile Berliner, yule mvumbuzi wa gramafoni, pale Camden, New Jersey, Marekani kabla hata hajaanzisha kampuni ya gramafoni ya Victor mwaka 1901, na tangu enzi hizo anayejifunza kufungua hii mota huanza na hilo, nguvu iishe kwanza ndipo bisibisi. Fundi wenu alikuwa halijui au alilijua akapuuza, sijui lipi ni baya zaidi kwenu.

Halafu mkanipigia kwamba iko tayari. Nikaja nikalipa, nikaenda nayo nyumbani, nikaikaza, nikaweka santuri ya inchi 10 ambayo upande mmoja ni kama dakika 3. Haifiki mwisho. Ikifika katikati mwimbaji anaanza kulegea, sauti inazama, ngoma zinakuwa za msiba. Nikachomeka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri nihesabu mizunguko, mwanzoni 78 sawa, kabla wimbo haujaisha imeshashuka chini ya 60. Nikafungua kifuniko niangalie. Springi mliyoweka ni nyembamba kwa upana kuliko kipipa, inacheza juu na chini na kukwaruza, hata mtu asiye fundi ataona kwamba springi hupimwa upana, unene na urefu ndipo iwekwe, haichukuliwi tu iliyopo kwenye droo. Kwenye gavana ile pedi yake ya ngozi haipo, mmebandika kipande cha raba kwa gundi, ndio maana inapiga mlio wakati wote inapozunguka. Pedi ile inatakiwa iwe laini na tone la oili nyepesi, raba inang'ata. Na meno ya ekseli ya gavana yamekwanguliwa upande mmoja, yanang'aa shaba mpya kabisa pale yalipokatwa, ni pale pale yalipokuwa yanateleza nje ya gia wakati fundi wenu analegeza skrubu. Hayo mmeyaacha hivyo hivyo mkafunika.

Na bili mmeniandikia "springi mpya, ya mwanzo ilikuwa imekatika". Ilikuwa imekatika! Mashine iliyoingia dukani kwenu inazunguka na kupiga, hata fundi wenu aliisikiliza ikipiga, springi iliyokatika inapigaje?

Nilipouliza springi yangu ya zamani iko wapi nikaambiwa imetupwa. Siku ile ile pia, kabla sijaondoka, dada wa mapokezi alileta fomu ingine nisaini kwamba mashine ilifika ikiwa mbovu na kampuni haihusiki na hali yake. Sikusaini, na hiyo fomu ninayo, alipokwenda kumwita msimamizi niliikunja nikaiweka mfukoni.

Naomba nirudie ile ya kaunta maana kila nikiandika hapa inanipanda tena. Ile gramafoni ni ya marehemu baba. Nilikuwa nimesimama kama hatua mbili kutoka kwenye meza, pembeni yangu kuna mama na mtoto mdogo mwenye shida yake ya redio. Nilisema usiguse gavana, nilisema kwa sauti, yule mama alisikia na hata akageuka. Springi ile ni ukanda wa chuma wa mita kadhaa uliobanwa kwenye kikopo unachoweza kukishika kwa kiganja, ukiruka nje unakata vidole, unakata uso, mafundi wanaojiheshimu wanavaa glavu na miwani hata kuitoa ikiwa imeshalegezwa. Huyu alikuwa mikono mitupu na mtoto yuko mbele yake. "Mzee wangu, wewe kaa tu, kazi yangu naijua." Mota ikapiga yowe, mama akamvuta mtoto nyuma. Na baada ya ile pah fundi hakusema samahani, hakusema lolote, alikusanya vumbi la shaba la yale meno kwa kiganja akalisukumia kwenye pipa la takataka, halafu ndio akaniangalia akasema, "Haya mavitu ya zamani siku hizi hayana kazi mzee, nunua spika ya bluutuu." Wale wengine wakacheka tena. Msimamizi alikuwa mlangoni, aliona yote, akageuka akaingia ndani.

Mimi ni mtu mzima. Sijawahi kuchekwa dukani na watu wanaoishi kwa hela yangu.

Mwanzo nilipopiga simu niliomba kitu kidogo tu, springi ya saizi sahihi na pedi ya ngozi, yaishe. Mkanizungusha. Sasa hilo halitoshi tena. Nataka hela yangu yote ya matengenezo irudi, na ile ya springi nisiyoiagiza iwe ndani yake. Nataka mnitafutie springi yenye upana, unene na urefu wa ile ya mwanzo, na ekseli ya gavana yenye meno kamili ya modeli ile ile, vipo kwa wauzaji wa vipuri vya gramafoni, mkitaka vipimo nitawapa. Na visifungwe na fundi huyo wala mwingine wa kwenu, vifungwe na fundi nitakayemchagua mimi na bili yake mlipe nyinyi. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe meneja, itaje hilo la kaunta, siyo barua ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, mliufanya.

Na springi yangu itafutwe. Kama kweli imetupwa nataka iandikwe nani aliitupa na kwa ruhusa ya nani, kwa sababu ule mkatiko unaonyesha wazi ulikatika lini, chuma kilichokatika zamani huwa na kutu kwenye mkatiko na kilichokatika juzi kinang'aa, na nadhani ndio maana haionekani.

Nawapa siku 14 kuanzia barua hii ipokelewe. Zikipita napeleka malalamiko kwa wanaolinda haki za walaji pamoja na picha za yale meno, picha ya ile raba, nakala ya fomu ya mapokezi yenye "kusafisha na kuweka grisi" na ile fomu mliyotaka nisaini. Mwanzoni nilikuwa nafikiria kuishia hapo tu, lakini nikisoma nilichoandika juu naona hapana, naenda na kwa wakili, na hapo hatutaongelea springi peke yake, tutaongelea na mtoto wa watu aliyekuwa amesimama mbele ya mota iliyojaa.

Msinipigie simu. Jibu nataka kwa maandishi, lenye jina na saini.

Wenu,
Mteja, mwenye namba ya kazi iliyoko kwenye risiti niliyoambatanisha.