Bwana Msa angekuja Mwanza asingekosa kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee vitabu vya Bwana Msa, maana magazeti yetu siku hizi ukishamaliza siasa ni mpira na mastaa tu, na huku Mwanza tupo watu kibao tunaosoma riwaya za upelelezi za Kiswahili, tunaazimana mpaka jalada linatoka, na hakuna anayetuandikia chochote kuhusu hivyo vitabu. Mimi namfuatilia Bwana Msa miaka mingi sasa na mpaka leo hajanichosha.

Kwa wasiomjua, Bwana Msa ni mpelelezi wa riwaya ila sio polisi. Ni raia tu wa Unguja, mtu mzima ana kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, jambo likiwa gumu kwa wengine yeye anakaa anawasha kiko anawaza. Aliyemtunga ni marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alizaliwa 1918 akafariki 1991. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la 1957/58 kikachapwa 1960, kikafuata Kisima cha Giningi 1968, halafu miaka ya sabini akamwaga vinne mfululizo, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa, mpaka kikaja Kosa la Bwana Msa 1984. Yaani kutoka cha kwanza mpaka hicho ni miaka 24 mtu anamlea mhusika mmoja, na mimi nilipoona jina la hicho cha 1984 roho ilinidunda kabla hata sijafungua, Bwana Msa naye anakosea?

Sasa utamu wake uko wapi. Kuna wapelelezi wengine nawapenda sana, Willy Gamba wa Elvis Musiba kwa mfano, yule leo yuko Nairobi kesho Kinshasa, bastola, ndege, mbio mbio, unasoma huku miguu inacheza. Bwana Msa hana haraka hiyo. Yeye makao yake ni Unguja. Watu wake wanaongea, wanabishana, wanazungushana kwa maneno kurasa na kurasa, kuna wasomaji nawajua wamekata tamaa hapo wakasema hadithi haitembei, mi nawaambia rudini msome hayo maongezi polepole maana siri yote imelala humo humo. Mtu anaulizwa swali dogo tu kuhusu marehemu, badala ya kujibu anaanza kusifia ukoo, na wewe unapita haraka kumbe ameshajiuza. Na siri zenyewe sio za mabenki wala majasusi, ni siri za majumbani, mtoto alizaliwa na nani, nani alibadilishwa jina akiwa mdogo, mali ya mzee inaenda kwa nani, huyu anayeitwa mjomba ni mjomba kweli? Inabidi uchukue karatasi uchore ukoo mzima ndo ujue unapoelekea, na mimi nachora kabisa, ninazo karatasi za hivyo ndani ya vitabu vyangu.

Nadhani hiyo Abdulla aliipata kazini. Kabla hajawa mwandishi wa vitabu alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, na mtu wa ukaguzi wa afya anaingia majumba ya watu, anaona uani, anaona stoo, anaona kile ambacho mgeni wa kawaida hafiki. Baadaye akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 mpaka 1968 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Kwa hiyo Mhariri, huyu ni mwenzako kabisa, alikuwa anasukuma habari za kilimo na huku vitabu anaandika.

Lakini kitu kilichonifanya nikuandikie ni hiki kitabu cha kwanza. Tajiri anaitwa Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo wenyeji wanapaogopa, na kila mtu ana jibu tayari, ni mzimu. Bwana Msa hagombani na imani ya watu wala hawacheki, ila anaendelea kuuliza maswali ya kawaida kabisa, nani alikuwa wapi, nani alikuwa anadaiwa, nani anapata nini huyu mzee akiondoka. Muuaji simtaji, msiokisoma mkisome.

Ndugu Mhariri, msomaji wa Kanda ya Ziwa akifika hapo hawezi kusoma kama hadithi ya Unguja tu. Huku kwetu tumezika bibi zetu. Bibi ana macho mekundu, watu wanasema ni mchawi, usiku mapanga, asubuhi kijiji kizima kimenyamaza. Na macho yale ni ya moshi, miaka yote anapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa ndani ya kijumba hakina dirisha, macho yasiwe mekundu kwa nini? Halafu ukifuatilia taratibu unakuta kulikuwa na shamba, bibi mjane amebaki nalo, kuna watu walikuwa wanalitaka. Uchawi umewekwa mbele kama pazia. Nilipomaliza Mzimu wa Watu wa Kale nikakaa nikasema huyu mzee wa Makunduchi ametuandikia na sisi wa Usukumani bila kujua, aliweka wazi mwaka 1960 namna watu wanavyoweza kujificha nyuma ya kitu kinachoogopwa na wote.

Kwa hiyo ombi langu. Tunahitaji Bwana Msa wa Ziwa. Simaanishi mtu aige kiko, hapana, namaanisha mwandishi wa huku huku atunge mpelelezi akae Mwanza moja kwa moja, kitabu cha kwanza mpaka cha saba, asitoke, mpaka mtu wa Tanga akisoma aijue Igogo na Mabatini na zile nyumba zilizopanda mawe mpaka juu. Mambo ya kuandika yamejaa. Wezi wanaovamia mitumbwi usiku ziwani wanachukua injini na nyavu, wavuvi wanarudi kwa makasia kama wamerudi. Mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, kitu kilichokuwa kinatupwa zamani leo kilo yake inaizidi bei nyama ya samaki mwenyewe mara nyingi tu, kwa bei hiyo watu lazima wataumizana. Nyavu za timba na makokoro zimepigwa marufuku bado zinaingia majini, zinapitia mlango gani? Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani mpaka utadhani kuna mji mwingine kule, na kila taa ina watu, kila mtumbwi una tajiri wake aliyebaki nchi kavu anahesabu. Kuna mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi dagaa bado wanateleza kwenye ndoo, mama mmoja ananunua, mwingine anaandikwa deni kwenye daftari lenye magamba ya samaki kwenye kurasa, hilo daftari tu mpelelezi mzuri akilishika kesi imeisha. Sasa hivi na daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, kilomita tatu juu ya maji, mtu anayekimbia hasubiri tena kivuko, hadithi za zamani za kumngojea muuaji pale kivukoni zimeshapitwa.

Pia wachapaji watuonee huruma. Hivi vitabu kuvipata kwa mpangilio ni shida, unakuta cha 1960 na cha 1976, katikati hamna, na vya mitumba ndo usiseme, nilinunua kimoja kimekatika kurasa za mwisho, kitabu cha upelelezi! Ilibidi nimtafute mtu mwenye kopi nzima anisimulie mwisho kwa simu, na alinisimulia vibaya akaanza na muuaji. Wavichape vyote saba upya, kwa namba mgongoni, cha kwanza mpaka cha mwisho, tutanunua.

Na wewe Mhariri unaweza kuanza hata bila wachapaji. Abdulla alipatikana kwa shindano, na gazeti lako linaweza kufanya shindano. Tangazeni hadithi ya upelelezi ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Musoma mpaka Bukoba na visiwani Ukerewe, vijana wana simu wanaandika kila siku huko mitandaoni, itakayoshinda mnaitoa kwa mfululizo kila Jumamosi ukurasa mmoja. Mimi gazeti la Jumamosi nitanunua mawili, moja la kwangu na moja la kuazimisha hapa mtaani maana najua la kwanza halitarudi.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza