Taarifa ya mwenyekiti: mwaka tuliokaa na mafuta ya Mexico

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuwaza historia ingekwendaje kama jambo moja lingekuwa tofauti, salamu. Mwaka huu tumekutana mara nane na sita kati ya hizo zimeishia kwenye swali moja tu, ingekuwaje kama Mexico ingetia hela yake yenyewe kwenye mafuta mapema kabla ya wageni. Najua wapo waliochoka, ila mimi naona ilistahili.

Mwanzoni tulihangaika kweli, maana kila mtu alitaka kugeuza jambo kubwa, mara Porfirio Díaz, rais wa Mexico enzi hizo, aondolewe mapema, mara mapinduzi ya 1910 yasitokee. Mpaka katibu wetu alipotuletea habari za Ezequiel Ordóñez ndo mjadala ukakaa sawa. Huyu alikuwa mwanajiolojia wa serikali, wakatumwa yeye na mwenzake kukagua mafuta, yeye akasema yapo mengi, mwenzake akasema hayana maana, wakubwa wakamsikiliza mwenzake. Basi Ordóñez akaacha kazi akaenda kwa Mmarekani Edward Doheny kule El Ebano, akamwonyesha pa kuchimba, pale kwenye kilima cha La Pez, na 1904 kisima kikatoa mapipa kama 1,500 kwa siku. Yaani ujuzi ulikuwa wa kwao jamani, umetoka mlangoni kwao ukaenda kumtajirisha mtu mwingine!

Kwa hiyo historia yetu ya kuwaza inaanzia hapo, wakubwa wanamwamini Ordóñez. Lakini haitoshi, lazima na ile sheria ya madini ya 1884 ifutwe, maana ndiyo iliyompa mwenye shamba mafuta yote yaliyo chini ya shamba lake, na wageni walichofanya ni kununua na kukodi mashamba tu. Kwenye historia ya kweli haki hiyo ilirudi kwa taifa 1917, kwa ibara ya 27 ya katiba, na 1921 Mexico ikatoa mapipa milioni 193, ya pili duniani nyuma ya Marekani, huku visima bado viko mikononi mwa makampuni ya nje.

Wengine mlisema serikali ya Díaz ingezila hizo hela za mafuta, na kusema ukweli sijaweza kuwajibu vizuri. Ila mimi picha isiyonitoka ni ya Aprili 1938, Rais Cárdenas ameshataifisha mafuta mwezi Machi, na akina mama wamepanga foleni pale Bellas Artes, jumba la sanaa la mji mkuu, huyu na pete yake ya ndoa, yule na kuku mkononi, wanachangia fidia ya kulipa makampuni. Wanalipia mafuta ya nchi yao kwa kuku! Kama hata sehemu ndogo ya kila pipa ingewekwa akiba tangu 1904, yule mama angerudi na kuku wake nyumbani.

Mambo ya hesabu mweka hazina atayasoma mwenyewe, kwa ufupi hatuna deni ila michango inachelewa sana, tafadhali mlipe kabla ya uchaguzi. Mimi nagombea tena. Mkutano ujao tunaingia kwenye viwanda vya kusafishia mafuta, ambaye bado hajarudisha ramani ya Tampico, ile bandari ya mafuta ya Mexico, aje nayo.